Wimbo wa Kantri Uliofika Riyadh Kabla Yangu

Nitaanza na aibu yenyewe ili tusizungushane. Mimi, mtu mzima wa miaka hamsini na ushee, mwenye shahada ya fasihi inayokusanya vumbi ukutani huko Nakuru, nimewahi kushikwa ukosi wa shati katikati ya mtaa wa Riyadh, mchana kweupe, mbele ya majirani waliotoka kila lango, nikiwa nimekumbatia mfuko wa takataka wenye nguo za ndani za mwanamke asiye mke wangu, na nyuma yetu mwanamke wa Kimarekani akiimba kwa sauti nzuri sana habari za pasi. Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana huko mbele sina hakika kama utaweza.

Nilikuwa dereva wa dobi. Kazi yenyewe si ngumu: unazunguka na gari jeupe lililochorwa shati ubavuni, unagonga lango, unachukua nguo chafu, unarudisha zilizopigwa pasi, unasema shukran, unaondoka. Nilikuwa nikilala Al-Shumaisi, chumba kimoja na Wakenya wenzangu watatu, nao waliniita Mwalimu ingawa sijawahi kufundisha hata kuku. Waliniita hivyo kwa sababu zamani, kabla ya gazeti letu kupungua kurasa na ukurasa wangu kuwa wa kwanza kupungua, nilikuwa mwandishi wa makala za wikendi, zile ambazo mtu husoma akimaliza habari za mpira, na kwa sababu nina tabia (mke wangu huiita ugonjwa) ya kueleza mambo ambayo hakuna aliyeuliza.

Jambo nililopenda kueleza kuliko yote ni muziki wa kantri. Sisi wa Bonde la Ufa na milimani hatuuhesabu kuwa muziki wa Wamarekani. Ni muziki wa Jumapili mkitoka kanisani, wa redio iliyotundikwa kwenye msumari wa zizi mtu akikamua, wa harusi na wa matanga. Tunalia machozi ya kweli kwa ajili ya farasi ambao hatujawahi kuwapanda. Na mimi nilikuwa na nadharia yangu kuhusu wanawake wa kantri. Nilikuwa nimeiandikia makala, na nilijivunia makala ile kuliko watoto wangu. Nilieleza kwamba mwimbaji wa kike akipata wimbo mzuri kule kwao mashambani, wauza muziki humwambia autoe mara mbili: toleo moja la watu wa nyumbani, lenye fidla na lile gitaa linalolia kama ndama aliyeachishwa ziwa, na toleo la pili la watu wote wengine, ambalo fidla imetolewa na mahali pake pamewekwa ngoma za disko, ili wimbo uvuke upande wa pili na kuimbwa hata na wasiojua ng'ombe ana matiti mangapi. Mfano wangu mkuu ulikuwa wimbo mmoja wa mwanamke anayepiga pasi mashati ya mume aliyekwisha kumwacha. Niliandika, na maneno ni yangu mwenyewe, kwamba wimbo huo "umefika kila pembe ya dunia." Mkumbuke kwamba niliandika hivyo. Mimi nilisahau.

Sasa, katika moja ya nyumba zangu za upande wa kaskazini alikuwapo Jeruto. Alikuwa shagala, ndivyo tunavyowaita huku wanawake wanaofanya kazi na kulala humohumo nyumbani kwa watu. Mtu wa Keiyo, miaka thelathini na kitu, mwenye ulimi. Alikuwa akitoka langoni na furushi la nguo kichwani na kuniuliza, "Mwalimu, leo umeleta mashati au umeleta hotuba?" Nami nilimpenda kwa hilo, kwa maana unapokuwa mbali na nyumbani mtu wa kukucheka ni mali.

Kisha mzaha ukaisha. Mama yake alipatwa na kansa ya koo. Mkataba wa Jeruto ulikuwa umekwisha, lakini madam alisema asubiri mpaka apatikane wa kushika nafasi yake, na wa kushika nafasi yake hakupatikana, na pasipoti ilikuwa kwenye sefu ya baba mwenye nyumba. Siku moja madam alimkuta jikoni akilia kwenye simu, maji yakichemka hadi kukauka, akaichukua ile simu. Si kwamba walikuwa wakimpiga. Walimlisha, walimvika, wakamwambia insha-Allah, na siku zikapita. Jeruto hakutaka mshahara uliobaki wala hakutaka kumshitaki mtu. Alitaka kitu kimoja tu, amkute mama yake akiwa hai.

Nikapeleka habari kwa Mwanaisha. Huyu ni mwanamke wa Kilifi aliyekuwa akipika mahamri chumbani kwake pale Shumaisi, na kila Mkenya aliyekwama Riyadh mwisho wake alijikuta amekaa kwenye mkeka wake. Alikuwa amekwisha kuwapeleka wengine ubalozini. "Akinifikia mimi," alisema, "keshafika. Karatasi ya safari itapatikana, najua wa kumwona. Kazi ni kumtoa mle ndani."

Na kumtoa kulikuwa hivi. Madam alikuwa akilala baada ya adhuhuri. Ufunguo wa lango ulining'inia jikoni. Saa hizo ndizo Jeruto alizotoa takataka, hivyo mfuko mweusi mkononi mwake usingemshtua mtu. Lakini hakuweza kusimama barabarani akisubiri gari, watu wangemuuliza anangoja nini, na kuta za mtaa ule ni ndefu, jikoni huoni kitu ila mbingu. Ilibidi asikie kwamba gari limefika. Honi haifai, Riyadh kila mtu anapiga honi. Nikasema, wimbo!

Siku niliyokwenda kuchukua nguo, madam alikuwa kibarazani anaongea na simu, amenipa kisogo. Tulikuwa na muda wa kufunga furushi tu.

"Utapiga wimbo gani?" Jeruto akaninong'oneza. "Piga wa kwetu basi, wa Kikalenjin. Ule wa kumtoa bibi harusi. Huo nitausikia hata nikiwa kaburini."

"Sina huo."

"Si uutafute?"

Ningeupata. Simu yangu ina kila wimbo aliowahi kurekodi binadamu, ningebonyeza mara mbili. Lakini (na ninaandika hili nikiwa nimefumba jicho moja) nilikuwa nimekwisha kuchagua, na uchaguzi wangu ulikuwa na falsafa ndani yake.

"Unaujua ule wa pasi?" nikamuuliza.

"Nani hajui ule wa pasi, Mwalimu? Mama huuimba akisonga ugali."

"Basi ndio huo. Hapa Riyadh nani mwingine atapiga kantri? Gari utakalosikia linaimba huo, liwe hili au la kuazima, toka, ingia nyuma, lala chini kwenye sakafu. Usiangalie dereva, usiulize kitu."

"Nisiulize kitu?"

"Utapoteza muda."

"Sawa," akasema, na akaniangalia kama mtu anayemkabidhi mwingine mtoto.

Nani hajui ule wa pasi. Aliniambia kwa kinywa chake, na mimi mwenye shahada sikusikia.

Jioni nilimpigia Mwanaisha wimbo wenyewe, toleo la nyumbani, lile lenye fidla, ndilo nililokuwa nalo kwa sababu lile lingine nililipiga marufuku kwenye simu yangu. Alisikiliza akigeuza mahamri.

"Ni nini kinamliza huyu?"

"Anapiga pasi mashati ya mume aliyemwacha."

"Mpumbavu. Angeyachoma."

"Hapo ndipo uzuri wake ulipo, Mwanaisha. Ujue kwamba katika toleo la mjini walitoa fidla wakaweka..."

"Wewe bwana, sikukuuliza. Nyinyi watu wa bara mmerogwa na hawa wazungu wa farasi. Haya, mradi mtoto wa watu atoke."

Jumatano tuliyokubaliana, mtaa ulikuwa umekufa kwa joto. Hata paka walikuwa chini ya magari. Niliingia kona nikakuta lori la maji limeziba njia, mpira wake umetambaa hadi ndani ya ua wa watu, na dereva wake akanipungia mkono kunionyesha nivumilie kidogo. Nikazima injini. Simu ilikuwa mapajani, wimbo umewekwa tayari. Kati yangu na lango la kina Jeruto palikuwa na nyumba tatu, na nilikuwa na utulivu wa mtu ambaye kila kitu chake kimepangwa.

Ndipo nikausikia. Haukutoka kwangu. Ulitoka mbele, upande wa pili wa lori, kwa spika kubwa na nzuri kuliko zangu: sauti ya yule mama, maneno yaleyale, pasi ileile.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa kuwa hapa ndipo penyewe. Mtu mwenye akili za kawaida, asiyesoma kitu, angeshtuka palepale. Mimi nilifurahi. Nilifurahi kama mtu aliyemkuta ndugu yake ugenini, nikanyanyua shingo, na jambo la pili lililonijia kichwani halikuwa Jeruto, lilikuwa kwamba hili ni toleo la mjini. Zile ngoma! Nikasikiliza ili nihakikishe, na kweli, pale ambapo fidla hujibu sauti yake waliweka makofi ya mashine, puh, puh, kama mtu anayepiga godoro vumbi litoke. Nikatikisa kichwa. Nikamhurumia yule mama kwa walivyomfanya. Nikaanza kutunga, wallahi nilianza, sentensi ya kwanza ya makala mpya. Kiitikio kikapita. Ubeti wa pili ukaingia.

Lango la kina Jeruto likafunguka.

Alitoka na mfuko mweusi, ndara miguuni, mtandio umefungwa kidevuni. Hakutazama pipa la takataka. Aliufuata wimbo. Mbele ya nyumba ya jirani lilisimama gari kubwa, vioo vimeshushwa, na ndani yake kijana wa chuo, mwenye masharubu ya majaribio, alikuwa akinywa sharubati na kumngoja mama yake. Jeruto alifungua mlango wa nyuma, akatupa mfuko, akaingia, akalala sakafuni. Hakumwangalia dereva. Hakuuliza kitu. Alifanya kila nilichomwambia, vizuri kuliko nilivyotumaini, na hicho ndicho kinachonikaba mpaka leo.

Nyie mnajua kijana wa kule akiona mwanamke asiyemjua amejilaza ndani ya gari lake anafikiri nini? Sharubati ilipaa. Yeye mwenyewe alitoka kwa kuruka, kanzu yake nyeupe imekuwa na rangi ya embe, akikimbilia langoni kwao na kumwita mama yake kwa sauti ambayo masharubu yale hayakuitarajia. Gari akaliacha linawaka, na wimbo unaimba.

Hata hapo bado kulikuwa na njia. Kama ningekaa kimya garini mwangu, Jeruto angejitetea kwa namna yake, angesema kizunguzungu, angesema joto, wangemkemea wakamrudisha ndani na kesho tungejaribu tena. Hakuna aliyekuwa akijua kwamba nipo. Badala yake niliruka nje nikatimua mbio katikati ya barabara nikipiga kelele, "Jeruto! Si hilo! Si hilo!" Kandambili moja ikabaki chini ya lori. Yaani nilimtaja jina, na nikajitaja mimi, kwa pumzi moja.

Wanaume wakatoka kila lango. Mtu akasema "Harami!", yaani mwizi, na mwingine akaitikia, na mzee mmoja mwenye mswaki mdomoni akanikamata ukosi kwa mkono ambao ulikuwa umewahi kufanya kazi nzito. Kiarabu changu ni cha nguo: najua shati, najua doa, najua kesho. Nikaonyesha gari langu. "Dobi! Mimi dobi! Nguo!" Mzee akaliona lile shati lililochorwa, mkono ukalegea.

Hapo ndipo ningenyamaza. Lakini msomi akiona uongo wake umekubalika huuongezea maelezo. Nikaingiza mkono ndani ya gari la yule kijana, nikatoa ule mfuko mweusi, nikaukumbatia, nikasema hizi ndizo nguo chafu zenyewe, mama huyu amekosea gari, mafi shida (hakuna shida), halas, naondoka.

"Leo si siku ya dobi," ilisema sauti nyuma yangu. Madam alikuwa amesimama langoni, bila viatu, mashavu yana alama za mto. "Fungua."

Sikufungua. Alifungua yeye. Alichutama kwenye lami inayochoma akafungua fundo na kutoa vitu kimojakimoja, akiviweka chini mbele ya wanaume wote wale: gauni mbili, nguo za ndani zilizokunjwa vizuri, sweta la zambarau lililofumwa kwa mkono, viatu vya kusafiria, na chini kabisa chupa ya asali, imevikwa soksi mbili isije ikavunjika njiani.

Mzee mwenye mswaki akaiinua ile chupa, akaniangalia.

"Na asali mnafua?"

Wakacheka. Si kicheko kibaya, hata mimi nikiwa jirani ningecheka. Ilikuwa asali ya koo la mama yake. Mimi nilijua, Jeruto alijua, na sasa ilikuwa mkononi mwa mtu akiinusa. Na wimbo ulikuwa umerudi mwanzo, yule kijana alikuwa ameuweka ujirudie wenyewe, na mama wa Kimarekani akaanza tena kupiga pasi.

Nikafungua mdomo nieleze. Jeruto alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mlango wa gari, mikono mapajani. Alisema kwa Kiswahili, polepole, bila kuniangalia:

"Mwalimu, nyamaza sasa."

Kituoni polisi walikuwa waungwana, na hilo lilinivunja zaidi. Ofisa mmoja aliyejua Kiingereza alinipa maji, akaniuliza: huyu mwanamke anasema alingoja gari linaloimba, wimbo gani? Nikamwambia. Akafungua simu yake akaupata, akauimba kidogo, bila kukosea. "Huu?" akasema. "Binti zangu wanaupiga kwenye gari mpaka natamani kuruka nje. Kila mtu anaujua huu." Kisha, kwa kutaka kujua tu, "Unasema nini hasa? Sijawahi kuelewa."

Nikamfasiria. Mwanamke anapiga pasi mashati. Mashati ya mume. Mume ameondoka. Anaendelea kupiga pasi.

Ofisa akanitazama, akatazama nembo ya shati kwenye kifua changu.

"Kwa hiyo ni tangazo la dobi lenu?"

Wenzake walipenda sana. Mmoja alitoka akaenda kuwaita wa chumba cha pili, ikabidi nirudie kufasiri, na waliporudi na chai nikafasiri kwa mara nyingine. Makala zangu zote za miaka ile hazikuwahi kupata wasikilizaji kama wale.

Jeruto alikuwa kwenye benchi ya ukuta wa pili. Alimweleza ofisa habari za mama yake, na ofisa alisikiliza hadi mwisho, akasema pole, akasema hilo ni jambo la yeye na mwajiri wake. Baba mwenye nyumba alikuja akatia sahihi. Walipotoka, mfuko mweusi alikuwa ameubeba baba, kwa mkono ulionyooshwa mbali na mwili. Sikuiona ile asali.

Kafili wangu, mwenye duka la dobi, ni mzee mpole anayechukia kelele kuliko hasara. Hakunifukuza. Alisema, "Yalla, nenda Jedda," na kesho yake nilikuwa kwenye basi, na baada ya hapo nilikuwa Kandara, mtaa wa hukohuko Jedda, kwenye tawi lake dogo, bila gari, chumba cha nyuma, nikipiga pasi mashati ya wanaume waliokwenda zao (mnaruhusiwa kucheka, nimekwisha kuzoea). Habari zilinitangulia. Wakenya wa Kandara na wa Hindawiyah, madereva, walinzi, watu ambao hatukuwahi kuonana, walikuwa wakipita dukani kutazama tu. "Ndiye huyu? Wewe mzee, tuwekee kamoja basi." Nami nilicheka nao, kwa sababu kicheko cha watu ukikikataa kinarudi na ndugu zake.

Hawakujua mwisho wake. Mimi niliupata kwa Mwanaisha, siku alipopiga simu na hakunitania hata kidogo, nikajua kabla hajasema. Mama yake Jeruto alikuwa amefariki kabla ya mwezi ule kuisha. Kaka mtu ndiye aliyeleta habari. Madam, Mwanaisha alisema, alilia naye jikoni, akampa siku mbili za kupumzika, na pasipoti ikabaki kwenye sefu. Jeruto alikuja kuruhusiwa baadaye, shagala mpya alipofika. Alifika kwao akakuta nyasi zimeota juu ya kaburi.

"Angewahi?" nikamuuliza Mwanaisha. "Siku ile. Kama angenipata mimi, angewahi?"

Akasema, "Karatasi yake nilikuwa nimekwisha kuisemea, Mwalimu." Akaniaga.

Nilichelewa sana kumpigia Jeruto. Nilijiambia namwachia nafasi aomboleze. Ijumaa moja mchana, duka limefungwa, nikiwa nimekaa kwenye ngazi za jengo letu Kandara kati ya viatu vya watu, yeye ndiye aliyepiga. Nyuma yake nilisikia kuku na mtu anakata kuni.

"Mwalimu, habari ya Saudia."

"Nzuri. Pole, Jeruto. Pole sana kwa mama."

"Nimeshapoa. Nataka kukuuliza kitu, na usinipe hotuba."

"Uliza."

"Siku ile, nilipotoka, ulikuwa umefika?"

"Nilikuwa kwenye kona. Lori la maji lilikuwa limeziba."

"Kwa hivyo ule wimbo uliusikia."

"Niliusikia."

"Tangu mwanzo?"

Lori lilikuwapo kweli. Ningeweza kulisogeza lile lori mahali popote nilipotaka, karibu, mbali, na hakuna ambaye angejua, wala dereva wake. "Tangu mwanzo," nikasema.

"Mimi nilianza kutafuta ndara ulipoanza. Halafu ufunguo ukanishinda. Ulikuwa na muda, Mwalimu. Ungepiga honi. Ungepiga hata kelele. Ulikuwa unafanya nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia kuhusu fidla iliyotolewa na ngoma zilizowekwa, na kwamba nilikuwa nikizikosoa. Kwa Kiswahili, kwa sauti, kwenye ngazi zile, yalichukua maneno machache kuliko nilivyodhani.

Kuni zilikatwa. Kuku mmoja alilalamika.

"Na zilikuwaje?" akauliza.

"Nini?"

"Hizo ngoma."

"Mbaya," nikasema.

"Eeh," akasema Jeruto. "Mimi nilisikia ni sawa tu." Na akakata simu, taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Hajapiga tena, nami sijapiga. Sikuwa nimeomba msamaha, ndilo jambo nililoligundua nikiwa bado nimeshika simu sikioni. Nilikuwa nimetoa maelezo.

Mwanaisha bado huniita mara mojamoja, kukiwa na mwanamke wa kutolewa huku Jedda na gari la kuazima. Nami huenda. Lakini nimeapa, na kiapo hiki nimekishika: ishara achague mwanamke mwenyewe, yeye ndiye atakayeisikiliza akiwa ndani ya kuta, na akichagua kukohoa nitakohoa, akichagua jogoo nitawika hapo barabarani na suruali yangu ya heshima. Mimi nauliza gari lisimame wapi. Kisha nasimama hapo, redio imezimwa, mdomo umefungwa, na sina maoni.